Faini na Ilingane na Kosa

Feri ya kutoka Mbita inapofika Luanda Kotieno, bodaboda huwa zimekwisha kupanga foleni. Abiria akiwa mgonjwa asiyeweza kujishikilia, nduguye hupanda nyuma yake amzuie asianguke. Hao ni abiria wawili, na Kanuni za Makosa Madogo ya Barabarani za mwaka 2016 zililiwekea kosa hilo faini ya shilingi 1,000. Hatusemi lisiadhibiwe; pikipiki iliyolemewa huua.

Lakini tulitazame jedwali lenyewe. Dereva asiyebeba leseni yake, shilingi 1,000. Asiyefunga mkanda, shilingi 500. Yaani kadi iliyosahauliwa nyumbani ina uzito mara mbili ya kifua kinachogonga usukani! Na ajabu ni kwamba waandishi wa kanuni hizo hizo walijua kupima. Anayezidisha mwendo kwa kilomita 1 hadi 5 kwa saa huonywa tu; 6 hadi 10, shilingi 500; 11 hadi 15, shilingi 3,000; 16 hadi 20, shilingi 10,000. Hatari ikipanda, faini hupanda. Twauliza: mbona hesabu hiyo iliishia kwenye mwendo?

Wako wanaoamini kwamba faini kubwa ndiyo dawa. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2012, yaliyopelekwa Bungeni na jirani yetu hayati Jakoyo Midiwo wa Gem, yalizidisha adhabu nyingi. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, faini isiyolipika haifiki mahakamani Bondo. Hulipwa kando ya barabara kwa noti iliyokunjwa, bila risiti, na Hazina haioni hata senti. Afisa aliyepewa tishio kubwa kuliko kosa amepewa bidhaa ya kuuza.

Waliopigania kufutwa kwa kifungu cha 2A, kilichofutwa Desemba 1991, hawakudai wingi wa vyama peke yake. Walidai pia raia asiwe windo la mwenye cheo, awe ikulu au kwenye kizuizi cha barabarani.

Kwa hiyo twalitaka Bunge lilipitie jedwali lote upya, kosa kwa kosa, kwa kipimo cha hatari. Kisha libandikwe kwa Kiswahili na Kidholuo gatini Luanda Kotieno na stendi ya Ndori, ili mwenye pikipiki aijue faini yake kabla ya kutajiwa na aliyemsimamisha.