Mbwa Mmoja, Kamba Mbili

Mwezi huu naomba tuwape mapumziko mawifi na mama wakwe, tuongelee kamba ya mbwa. Usicheke. Katika ugomvi wa wanandoa niliowahi kuitwa kuusuluhisha, upo mmoja ambao chanzo chake hakikuwa simu ya saa sita usiku wala hela ya kodi ya nyumba. Kilikuwa ni kile kikasha cha plastiki chenye mpini, kinachotema kamba na kuimeza chenyewe.

Unakijua. Pita Toure Drive pale Masaki jioni, au nenda Coco Beach Jumapili asubuhi kabla wauza mihogo hawajachangamka, utawaona tu: kaka kavaa raba nyeupe, dada na miwani ya jua, na mbwa wao yuko mbele huko mita kadhaa, ananusa anachotaka. Inapendeza, siwezi kukudanganya. Kwa kizazi chetu, ambacho mtoto wa kwanza wa ndoa mara nyingine ana miguu minne, kamba ile imekuwa sehemu ya pozi.

Sasa hao rafiki zangu wanakaa Mbezi Beach na wana mbwa mmoja mkubwa wa ulinzi, kilo 35 hivi. Mume alisafiri kikazi, akarudi na kamba ya kujikunja ya mita 5. Zawadi ya mbwa. (Mke aliletewa pafyumu ya uwanja wa ndege, lakini hiyo ni mada ya toleo jingine.) Hoja ya mume: mbwa anashinda bandani mchana kutwa, akitoka apewe uhuru jamani. Hoja ya mke: uhuru gani, na barabara ilivyojaa bodaboda? Wiki ya pili wakawa wanasalimiana kama majirani. Nikaitwa mimi, eti kwa kuwa ndiye ninayeandika ukurasa huu.

Tuanze na haki ya mume, maana anayo. Mbwa anaisoma dunia kwa pua. Kumtembeza nusu saa huku kamba fupi inamlazimisha aende mwendo wako ni sawa na kumpeleka mtu sokoni ukamfunga macho. Kamba ndefu inamruhusu asimame kwenye mti, arudi nyuma, azunguke kichaka, na mbwa aliyenusa vya kutosha hurudi nyumbani ametulia kuliko aliyekimbizwa tu. Kamba ya kawaida ya mita 5 ungeweza kuitumia pia, lakini inaburuta mchangani, inamnasa miguu, na wewe unabaki kuikunja mkononi kama mvuvi. Hii ya kujikunja ndani yake ina springi iliyozungushwa kama kwenye tepu ya fundi ujenzi. Inakunja yenyewe, na kitufe cha breki kinaifunga pale unapotaka. Kwa mbwa mzee, mbwa mdogo, au mbwa mpole kwenye uwanja mtupu, ni kifaa kizuri kabisa.

Wala si kitu kipya. Mwaka 1908 mwanamke wa New York, Mary A. Delaney, alipewa hataza ya kamba ya namna hii. Mwaka 1973 Mjerumani Manfred Bogdahn akaanzisha kampuni ya Flexi, na hiyo ndiyo iliyoifanya ijulikane duniani. Kwa hiyo mume asidhani ameleta teknolojia ya jana.

Twende kwa mke. Yeye ndiye anayetoka na mbwa saa kumi na mbili asubuhi, siku tano za wiki. Mume ni wa Jumapili, na Jumapili anampeleka ufukweni. Ukitaka kujua kwa nini watu wawili wenye akili timamu wanakiona kitu kimoja tofauti hivyo, jibu ni hilo: mmoja anaitumia kamba kwenye mchanga mtupu, mwingine anaitumia pembeni ya lami. Na pembeni ya lami, msomaji wangu, mimi niko na mke.

Fanya hesabu. Njia moja ya gari kwa kawaida haifiki upana wa mita 4. Mbwa aliye mwisho wa kamba ya mita 5 anaweza kuwa katikati ya barabara wewe ukiwa bado umesimama kwenye majani. Unadhani umemshika, kumbe umeshika mpini tu. Breki ile inazuia kamba isiendelee kutoka, haimrudishi mbwa. Kumrudisha ni lazima umkaribie au uvute kwa nguvu zako mwenyewe, na kilo 35 zilizoona paka si mzigo wa kuvuta kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika simu. Mita 5 zile mbwa anazimaliza kabla hujamaliza kusema “aisee”, halafu mtikisiko wote unaishia shingoni kwake na begani kwako.

Kisha kuna vidole. Zile nyembamba, za uzi kama wa kuanikia nguo, zikipita kwa kasi kwenye kiganja au nyuma ya goti zinaunguza na kukata. Usijaribu kamwe kuidaka kwa mkono. Wapo watu waliokatika vidole kwa kujizungushia uzi ule wakati mbwa anakurupuka, na si uzushi wa mitaani, watengenezaji wenyewe wanaonya hivyo kwenye maelezo ya bidhaa. Mwezi Septemba 2008 huko Marekani kamba za aina hii zaidi ya 200,000 za chapa moja ziliondolewa sokoni kwa sababu kulabu ya chuma iliweza kukatika na kurudi kwa kasi kumpiga aliyeshika. Watu wengi hutupa kile kikaratasi pamoja na boksi. Kisome.

La tatu ni la tabia, na hapa wataalamu wengi wa kufundisha mbwa wanasimama upande mmoja. Springi inavuta muda wote. Ina maana ili mbwa apate nafasi, lazima avute kidogo; akivuta, anapata. Umemfundisha nini? Kuvuta. Mimi nilisomea mawasiliano, si udaktari wa mifugo, lakini hili naliona kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: kamba ya kawaida ni simu kati ya mkono wako na mwili wa mbwa, ukiilegeza ana habari, ukiikaza ana habari. Ya springi ina mvumo kwenye laini saa zote. Na ukiuponyoka mpini, ndio kasheshe: kikasha kinamfuata mbwa nyuma kikigonga lami, yeye anadhani anakimbizwa, anaongeza mbio.

Lakini lililonigusa kuliko yote halikuwa la mbwa. Mke aliniambia kuhusu mzee wao jirani, ambaye jioni moja alikuwa anakwenda msikitini kuswali Magharibi. Kanzu nyeupe, udhu tayari. Siku hiyo mume ndiye aliyetoka na mbwa. Mbwa hakuwa na ubaya wowote, alikwenda kusalimia tu, kamba ikamruhusu, na pua yenye mate ikagusa kanzu. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani yetu wanayafuata, mate ya mbwa ni najisi nzito. Kilichoguswa huoshwa mara 7, na moja kati ya hizo ni kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mzee hakugombana. Alirudi ndani kubadilisha, swala ya jamaa ikampita. Mume akasema, “Samahani mzee wangu, haumi huyu.” Mke wake anasema alitamani ardhi ipasuke, kwa sababu nani aliuliza kama anauma?

Hilo “haumi huyu” nalisikia kila mahali. Dada, kaka, jirani yako hana wajibu wa kumpenda mbwa wako. Yupo anayemwogopa tangu utotoni, yupo ambaye dini yake inamtaka akae mbali, yupo mwenye mtoto mchanga mgongoni. Mita 5 za kamba ni mita 5 za njia ya wote ulizojitwalia. New York, mji wa watu wanaowalaza mbwa vitandani, kanuni inataka kamba ya hadharani isizidi futi 6, yaani kama mita 1.8.

Na kuna mbwa koko. Mtaani kwetu wapo, na huwezi kujua yupi amechanjwa. Wakikutana pua kwa pua mita 5 mbele yako, huna namna ya kuwaamua. Kichaa cha mbwa si hadithi: Shirika la Afya Duniani linakadiria kinaua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, karibu wote kutokana na mbwa, wengi wao Afrika na Asia, na dalili zikishaanza, kupona ni nadra mno. Mchanje mbwa wako kila mwaka, na mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima.

Basi mimi niliwaambiaje? Kwamba anayeamka saa kumi na mbili ndiye anayechagua kamba ya saa kumi na mbili. Siku hizi kwao mlangoni kuna misumari miwili: kamba fupi ya turubai kwa mtaani, ya kujikunja kwa ufukweni. Mzee alifuatwa na mume mwenyewe, bila mbwa, akaombwa radhi kwa heshima. Mume bado ananuna kidogo, anasema nilipendelea. Nilipendelea, ndiyo.

Kama na wewe unaitaka ya kujikunja, chukua ya mkanda bapa badala ya uzi, na uangalie uzito ulioandikwa: wa mbwa wako uwe chini yake, si sawasawa nao. Ifunge kwenye mkanda wa kifuani, si kola ya shingoni. Mbwa anayevuta, anayejifunza bado, au anayekurupukia kuku, mwache kwanza kwenye kamba fupi. Mtoto mdogo asipewe mpini hata kwa picha. Ukikaribia watu au barabara, funga breki mbwa akiwa pembeni ya mguu wako, si akiwa ameshafika kwao. Na ukitoka baharini usiiruhusu ijikunje na chumvi na mchanga wake: ivute yote nje, ipitishie maji baridi, ianike kivulini hadi ikauke, ndipo uirudishe ndani huku ukitazama kama imechanika popote. Ikiwa imeanza kutoa nyuzi, itupe.