Usiache Mbachao: Mvinyo wa Dodoma Wafika Kaloleni

Jumapili moja alasiri jirani yangu wa Kaloleni aliniita nimsalimu baba mkwe wake. Mzee huyo alikuwa amewasili kwa basi kutoka Dodoma, na kikapuni mwake, kati ya karanga na nguo, mlikuwa na chupa tatu za mvinyo. Kazi ya kukamua zabibu ameifanya kwa zaidi ya miaka 30.

Nakiri, ndugu msomaji, kwamba nilicheka moyoni. Mvinyo wa Tanzania? Sisi wa Eastlands, kutoka Shauri Moyo hadi Buruburu, twaijua bia, na wazee wetu waijua muratina ya asali. Mvinyo kwetu ni kitu cha Ufaransa, cha kanisani, au cha harusi ya tajiri.

Mzee hakukasirika. "Keti, mwanangu," akasema. "Ulimi ndio uhukumu, si lebo."

Akanieleza jinsi wamisionari wa Kiitalia walivyopanda mizabibu Bihawana, karibu na mji wa Dodoma, mwaka 1957. Nchi ile ni kame na jua lake ni kali. Ulaya mzabibu hulala majira ya baridi na huvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma haulali, na mkulima ajuaye kupogoa huvuna mara mbili.

Chupa ya kwanza ilikuwa ya mwaka uliotangulia, ya zabibu nyekundu ya Makutupora. Ilinikausha ulimi kama chai iliyochemka kupita kiasi. Ya pili alikuwa ameilaza gizani miaka sita. Rangi yake ya zambarau ilikuwa imegeuka na kuelekea ile ya matofali, ukali umetulia, na nyuma yake mna ladha ya zabibu kavu. Nikaomba tena. Ya tatu, ya miaka 12, ilikuwa siki tupu. Mzee akaionja, akaenda kuimwaga mtaroni.

"Mvinyo mwingi haukutengenezwa kungoja," akasema. "Nao hufa kama sisi."

Kwa neno hilo nilimheshimu kuliko kwa chupa ile ya pili.

Basi nawauliza wanaoudharau mvinyo huu: mmeonja nini hasa? Katika maduka yetu mengi chupa husimamishwa wima karibu na dirisha, chini ya bati, miezi na miezi. Kizibo hukauka, hewa huingia, joto humaliza kazi. Hata mvinyo wa Ufaransa ungeharibika hapo. Kosa ni la rafu, lawama tunaipa Dodoma.

Na lawama hiyo ina gharama. Zabibu haingoji. Ikishaiva, mnunuzi akikawia, huoza mkononi mwa mkulima. Mwenye pipa aweza kusubiri bei. Mwenye shamba hawezi. Kila chupa tunayoikataa bila kuionja humpunguzia yeye mnunuzi. Nasi Wakenya tusijione bora. Ni wangapi wanaoukumbuka mvinyo wa mapapai uliotengenezwa hapa nchini miaka ya 1980?

Simhimizi mtu kunywa. Asiyekunywa na abaki hivyo, tena kwa heri. Nasema na yule ambaye tayari ana fedha mkononi, na macho yake yanaruka chupa ya jirani kutafuta ya ng'ambo.

Jioni nilimwuliza mzee ni nani atakayeirithi kazi yake. Akanyamaza, akaigeuzageuza glasi. Wajukuu wake, alisema, wanataka kazi za ofisini. Hakuna aliyewahi kumwuliza atajuaje pipa limekuwa tayari.

Mvinyo waweza kulazwa gizani miaka sita ukaamka mtamu. Ujuzi wa mzee haulazwi. Usipopokewa, huenda naye kaburini. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu uko Dodoma, safari ya basi tu kutoka hapa.