Sikio la Kenge na Mkono Ushikao Kamba

Katika utamaduni wa Mswahili, kenge hajabahatika kupata heshima. Wahenga walimtweza mara mbili. Kwanza, walimpachika ukiziwi waliponena kwamba kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni. Pili, walimfanya mdandiaji waliposema kuwa katika msafara wa mamba na kenge wamo. Mwanafunzi wa fasihi simulizi huzifasiri methali hizi ipasavyo: ya kwanza humkanya mkaidi, ilhali ya pili humfichua aliyejipenyeza pasipo stahili. Tatizo huzuka pale methali inapogeuzwa kuwa ushahidi kuhusu mnyama mwenyewe. Desturi iliyoenea Marekani na Ulaya ya kuwafuga mijusi wakubwa na kuwafunza kutembea kwa kamba inabainisha kwamba kiziwi, mara nyingi, si kenge.

Hebu uangaliwe mfano wa Joan Procter, mtaalamu aliyeanza kusimamia watambaazi katika Bustani ya Wanyama ya London mnamo mwaka 1923. Jengo jipya la watambaazi alilolibuni lilifunguliwa mwaka 1927, na humo wakawekwa Sumbawa na Sumba, majoka wawili wa Komodo. Joka wa Komodo, licha ya jina lake la kutisha, ni kenge kwa nasaba. Sumbawa alizoea kulishwa kwa mkono na kutembezwa bustanini miongoni mwa wageni. Inasimuliwa kwamba Procter alimfuata nyuma, akimwelekeza kwa kumshika mkia. Procter alifariki mwaka 1931, lakini funzo lake halijafa: mnyama aliyesemekana hafunziki alifunzika bila ya tone la damu kumtoka sikioni.

Isitoshe, kenge ana sikio. Tundu lake huonekana wazi nyuma ya jicho, na mtetemo wa sauti humfikia. Asilolielewa ni amri na makemeo. Wafugaji wenye busara hulijua hilo, hivyo hawaanzi kwa kuvuta. Mjusi huachwa kwanza aizoee harufu ya mkono wa mlezi. Kisha huvishwa mkanda kwa dakika chache akiwa katika makao yake, na hutuzwa chakula anapotulia. Muda huongezwa kidogo kidogo. Anapotolewa nje, hupelekwa mahali pasipo mbwa wala kelele, naye ndiye huchagua njia. Akivimbisha koo, akitoa mlio wa kufoka au akipiga mkia kama mjeledi, matembezi hukoma. Kamba hapo ni kinga ya kumzuia asipotee, si chombo cha kumwendesha.

Umbile la mjusi lenyewe linadai upole huo. Shingo ya mjusi aghalabu hukaribia upana wa kichwa chake. Ukosi wa mbwa utamchomoka au utamkaba. Kwa sababu hiyo hutumika mkanda unaopita kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Hata hivyo, mkanda huo nao ukikazwa huleta madhara. Mjusi hana kiwambo cha kupumulia kama cha binadamu. Misuli ya mbavu inayovuta pumzi ndiyo hiyo hiyo inayopinda mwili anapokimbia, kwa hivyo akienda mbio hukosa hewa ya kutosha. Mwaka 1999 watafiti walionyesha katika jarida la Science kwamba kenge hulifidia pungufu hilo kwa kusukuma hewa kwa koo. Iguana hana uwezo wa kiwango hicho. Mwenye kumburura iguana ili aandamane na hatua za binadamu anamdai mwendo ambao mapafu yake hayawezi kuulipia. Akimdaka kwa mkia, huenda akabaki na mkia mkononi, kwani iguana huukata mkia wake ili ajiokoe.

Yamkini atatokea wa kuuliza: kwa nini basi atembezwe? Jibu lipo, nalo ni jua. Iguana huhitaji miale ya jua ili mwili wake utengeneze vitamini D, na bila vitamini hiyo mifupa hulegea na kupinda. Kioo cha dirisha huizuia sehemu kubwa ya miale hiyo. Kutolewa nje, kwa hiyo, kunaweza kuwa tiba. Lakini tiba hiyo hupatikana mjusi anapotulia akaota jua. Kupitishwa sokoni ili wapita njia washangae hakumwongezei chochote. Kipimo cha haki ni kimoja: matembezi haya ni kwa manufaa ya nani?

Kipimo hicho ndicho kilichopuuzwa Florida. Iguana wa kijani na kenge wa mto Nile, waliofikishwa huko kwa biashara ya wanyama wa kufugwa, walitoroka au wakatupwa walipokua na kuwashinda wenyewe. Walizaana wakawa bughudha kwa ndege, bustani na kingo za mifereji. Mnamo mwaka 2021 jimbo hilo liliwaweka iguana wa kijani katika orodha ya wanyama waliopigwa marufuku. Kenge wa mto Nile ni mzaliwa wa Afrika. Hakujipeleka Florida kwa hiari yake. Katika msafara ule, waliojipenyeza pasipo stahili walikuwa wafanyabiashara.

Nchini Kenya, kenge ni mnyamapori, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumweka mnyamapori pasi na kibali. Sheria hiyo ni ya busara. Kijana anayevutiwa na picha za mijusi waliovishwa mikanda asiende mtoni kumtafuta wake. Mahali pa kenge wa Kenya ni ukingoni mwa mto, na njia bora ya kumfahamu ni kumtazama akiwa huko.

Je, haya yanamhusu vipi mwanafunzi wa Kiswahili? Yanamhusu katika mambo mawili. Mosi, ni suala la msamiati. Mfasiri anayemwita iguana kenge anawachanganya wanyama wa koo mbili, mmoja mla majani na mwingine mla nyama. Afadhali neno iguana litoholewe, na majina kenge, mburukenge na guruguru yafafanuliwe upya kwa ushirikiano wa wanaleksikografia na wanabiolojia. Pili, ni suala la fikra. Kiswahili kina neno hatamu, nalo limehama kutoka kwa farasi likaingia katika siasa. Viongozi hushika hatamu za nchi. Aliyeizoea sitiari hiyo hudhani kwamba kila kamba ina mwendeshaji na mwendeshwaji. Matembezi ya mjusi yanaivuruga dhana hiyo, kwa kuwa mwenye kamba ndiye anayefuata.

Methali ya sikio la kenge haina haja ya kufutwa. Itaendelea kumfaa mkaidi. Ila walimu wanapoifunza, waongeze swali moja darasani: kabla ya kenge kulaumiwa kwa kutosikia, je, yupo aliyewahi kusema naye kwa lugha anayoielewa?