Tia Mkono Chini ya Rundo: Namna ya Kuchagua Kadi ya Kamera



Ndugu wasomaji, mama mmoja ametuletea swali ambalo naamini halimhusu yeye peke yake. Alinunua kadi ya kumbukumbu iliyoandikwa gigabaiti 128, kwa bei iliyomfurahisha, akampa dada aliyekuja kupiga picha za harusi ya bintiye. Picha za mchana zimetoka vyema. Za usiku wa kupamba, majina yake yamo ndani ya kadi lakini hazifunguki. Nyingine zimekatika nusu, sehemu ya chini ni kijivu kitupu. Sasa pana maneno baina ya jamaa na huyo dada, na malipo yake yamezuiliwa. Mama anauliza: kosa ni la nani, na kadi ya kuaminika hujulikanaje?

Kwa dalili hizo, kadi ndiyo ya kushukiwa kwanza, si mpigapicha. Ndani ya kadi mna vitu viwili: sehemu inayohifadhi picha, na chipu ndogo inayoiongoza na kuieleza kamera ukubwa wa nafasi iliyopo. Mwenye kughushi huchukua kadi ya gigabaiti 8, kwa mfano, akaibadilisha ile chipu ili iseme ni 128, kisha akaibandika karatasi yenye jina la kampuni mashuhuri. Kamera haina hila ya kujua. Huamini inavyoambiwa, nayo huendelea kuandika hata baada ya nafasi ya kweli kwisha. Orodha ya majina ya picha hukaa mwanzoni mwa kadi, kwa hiyo majina huonekana. Picha zenyewe hazikupata mahali pa kukaa. Baadhi ya kadi za namna hii hufanya la kuudhi zaidi: picha mpya huandikwa juu ya zile za zamani.

Wengi wetu tunakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu chini, ilhali juu palikuwa pakavu. Akamkemea muuzaji kwa kutouweka ule unyevu juu watu wauone. Kadi ya kughushi ni rundo lile lile. Picha mia za mwanzo ni kavu, nawe waridhika. Unyevu uko chini, na hutaugusa mpaka siku ya shughuli kubwa, kwani ndiyo siku pekee ambayo kadi hujaa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kutia mkono mpaka chini kabla ya kuiamini kadi. Kuichomeka katika kompyuta na kuusoma ukubwa wake si uchunguzi, kwani kompyuta nayo huamini inavyoambiwa. Uchunguzi wa kweli ni kuijaza kadi mpaka pomoni, kisha kusoma tena kila kilichoandikwa na kulinganisha. Zipo programu za bure za kazi hiyo: H2testw kwa kompyuta za Windows, na F3 kwa za Mac na Linux. Kadi kubwa yaweza kuchukua saa kadhaa. Iache ifanye kazi usiku. Asiye na kompyuta nyumbani aipeleke saiba ingali tupu, maana wakati huo haina siri ya mtu.

Usishtuke ukiona kadi ya gigabaiti 64 inasomeka katika kompyuta kuwa 59 na kitu. Huo si wizi. Mtengenezaji huhesabu kwa maelfu kamili, na kompyuta nyingi huhesabu kwa 1,024. Tofauti ni ya hesabu tu. Vivyo hivyo kadi ya 32 husomeka karibu 29.8.

Kanuni ya pili ni kuijua kamera yako kabla ya kwenda dukani. Kadi ndogo zinazotumiwa na kamera nyingi huitwa SD, nazo zina madaraja yaliyoandikwa usoni. SD ya kawaida huishia gigabaiti 2. SDHC huanzia hapo mpaka 32. SDXC hupita 32. Kamera mpya huzisoma kadi za daraja la nyuma, lakini kamera ya zamani iliyotengenezwa kwa SD haisomi SDHC, na ya SDHC aghalabu haiafiki SDXC. Kitabu cha maelezo cha kamera hutaja daraja lake.

Kisha iko kasi. Nambari kubwa inayong'aa usoni mwa kadi, kama megabaiti 100 kwa sekunde, aghalabu ni kasi ya kusoma, si ya kuandika, nayo hutajwa katika hali bora kabisa. Tazama alama ndogo. Nambari 10 ndani ya herufi C, au 1 ndani ya herufi U, maana yake kadi haitashuka chini ya megabaiti 10 kwa sekunde inapoandika. U3 na V30 ni megabaiti 30. Kwa picha za kawaida C10 yatosha. Kwa video za ubora wa juu tafuta U3 au V30, isije video ikakatika katikati.

Ama ukubwa, usivutwe na tarakimu. Picha moja ya JPEG katika kamera ya megapikseli 20 aghalabu haizidi megabaiti 10, hivyo kadi ya gigabaiti 32 huchukua zaidi ya picha elfu tatu. Kwa harusi isiyo na video nyingi, kadi mbili za 32 ni bora kuliko moja ya 128: mchana kadi moja, usiku ya pili. Ikifa moja, hamkupoteza zote.

Kanuni ya tatu ni ya ununuzi. Majina mashuhuri kama SanDisk, Samsung na Kingston ndiyo yanayoigizwa sana, kwa hiyo jina peke yake si kinga. Nunua kwa muuzaji mwenye duka linalojulikana, akupe risiti, na bei ikiwa chini mno kuliko maduka mengine jiulize kwa nini. Muhimu zaidi, shurutisha kabla ya kulipa: “Nitaijaribu, ikipungua nairudisha.” Sheria yetu inalijua jambo hili kwa jina la khiyari ya sharti, na katika madhehebu ya Imam Shafi'i muda wake hauzidi siku tatu. Siku tatu zatosha kabisa kuijaza kadi na kuisoma. Na aibu iliyofichikana ndani ya bidhaa humpa mnunuzi haki ya kurudisha hata kama hakushurutisha.

Akina mama na mabinti, liko jambo jingine linalogusa sitara zenu. Kufuta picha katika kadi hakuiondoi picha. Hufutwa jina lake katika orodha tu, na picha yenyewe hubaki mpaka iandikwe nyingine juu yake. Hata kule kufomati kwa haraka ni hivyo hivyo. Programu ya bure kama PhotoRec yaweza kuzitoa. Hii ni rehema kwa aliyefuta kwa bahati mbaya, mradi aache papo hapo kuitumia kadi. Lakini ni hatari kwa anayeuza au kuazima kadi iliyobeba picha za wanawake wasio na mitandio. Kabla haijatoka mikononi mwako, futa kila kitu, kisha ijaze mpaka pomoni kwa zile programu za uchunguzi. Ikiwa imeharibika na haijazi tena, ivunje vipande.

Na hata kadi iliyo bora kabisa ni chombo cha kusafiria, si sanduku la kuwekea akiba. Usiku ule ule wa shughuli, nakili picha mahali pawili, mfano kompyuta na diski ya nje, ndipo uifomati kadi ndani ya kamera yenyewe kwa kazi nyingine. Usiichomoe taa ya kamera ikiwa inamweka. Ihifadhi katika kikasha chake, mbali na mchanga na chumvi ya pwani yetu.

Narudi kwa mama aliyeuliza. Usiitumie tena kadi hiyo. Kwanza nakili kila picha inayofunguka. Pili, mpe dada unayemwamini mwenye ujuzi wa kompyuta aijaribu kwa PhotoRec, kwani programu hiyo husoma tu, haiandiki juu ya kadi. Baada ya hapo ndipo ufute na kuijaza kwa H2testw. Uchunguzi huo utafanya kazi mbili: utakuonyesha ukubwa wa kweli, na utazifunika picha za familia kabla kadi haijarudi kwa muuzaji. Ukiiona pungufu, nenda na ushahidi huo na uanze kwa maneno mema. Yamkini naye aliuziwa hivyo. Picha ambazo kadi haikupata kuziandika hazitarudi, na juu ya hilo twakuombea subira.

Lakini ikithibiti kwamba kadi ni ya kughushi, huyo dada hana kosa. Alifanya kazi usiku kucha kwa kadi aliyokabidhiwa na mwenye shughuli. Ujira wake ni haki yake, alipwe bila kucheleweshwa, na yale maneno yaliyosemwa juu yake yaondolewe mbele ya wale wale walioyasikia.

Wabillahi tawfiq.