Niliyoikata kwa Wino Mwekundu

Nilikuwa mwalimu kijana wa Kiswahili mjini Mbinga kaseti ya Mambo iliponifikia. Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila waliitoa albamu hiyo mwaka 1992 kupitia Real World ya Uingereza. Nakala yangu ilirudufiwa na rafiki aliyeishi Dar es Salaam, akaninakilia na majina ya nyimbo kwa mkono wake. Niliipokea kama barua ya ndugu. Nilikuwa mpenzi wa bendi ile kwa miaka mingi, na kwetu Ruvuma mapenzi hayo yalikuwa na chumvi ya ziada: Matimila ipo wilayani Songea, nasi tulilisikia jina la bendi kana kwamba tumeitwa sisi.

Kabla hata sijaitia kaseti redioni, nilikereka mara mbili. Kwanza, nyimbo kadhaa zilikuwa na majina ya Kiingereza: "One World", "I Want to Go Home", "What Can I Say". Pili, mmoja uliandikwa "Inchi Yetu". Nikachukua kalamu nyekundu, naona haya kulisema, nikaikata ile "I". Nilidhani rafiki yangu ameteleza. Miaka mingi baadaye nililiona jalada lenyewe: "Inchi", wazi kabisa.

Kero ya kwanza ninayo mpaka leo. Sina ugomvi na Kiingereza, wala simlaumu msanii anayetaka kueleweka na watu waliokata tiketi kumsikiliza. Lakini tazameni albamu iliyotangulia, Songs for the Poor Man ya mwaka 1989. Jina lake lilikuwa la Kiingereza, tumbo lake la Kiswahili. Mna wimbo "Kifo" humo. Remmy hakutuhubiria habari za mauti. Alikiita kifo chenyewe, akakisemesha kama mtu anavyomwendea jirani mkorofi baada ya kuvumilia mno. Hiyo ni mbinu kongwe ya watunzi wetu: kukipa masikio kisichosikia, kisha kukilaumu. Mna pia "Kipenda Roho". Hilo ni jina la nusu methali, na habari ya nyama mbichi anaachiwa msikilizaji aimalizie mwenyewe kimoyomoyo. Nani awezaye kuachia nusu ya usemi katika lugha ambayo hakukua nayo? Katika nyimbo za Kiingereza za Mambo, Dokta alibaki na kauli za jumla: dunia ni moja, nataka kwenda nyumbani. Ni kweli tupu, ila hazina pembe wala uchochoro. Magitaa ndiyo yaliyokuwa yakiokota kilichodondoshwa na maneno, na kwa masikio yangu hata magitaa yenyewe yalisuguliwa mno studioni, yakang'aa kama sufuria mpya isiyowahi kuona moshi.

Hata hivyo, likizo ile niliteremka na kaseti hadi Mbamba Bay, kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa na redio nzuri kuliko yangu. Jirani yake mmoja alikuwa akianika usipa, nasi tukaongeza sauti. Ulipofika wimbo "No Money, No Life" nikaanza, kwa mazoea ya kazi, kumfafanulia maana yake. Akanikatiza: "Mwalimu, na huo nao wataka kuutafsiri? Huo tumeuelewa kabla hujafika." Nikanyamaza. Pengine wimbo huo mmoja niutoe katika malalamiko yangu.

Kero ya pili naifuta. Remmy alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947, na alipokuja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, hakuja mikono mitupu; alikuja na Kiswahili chake. Kwao husemwa "inchi". Lugha ile haikusubiri kamati ya mwaka 1930 iliyosimamia usanifishaji kwa msingi wa Kiunguja. Chuo cha ualimu kilinifundisha kuiita kosa, nami nilifundisha hivyo kwa uaminifu mkubwa. Lakini chuo hichohicho kilinifundisha kwamba Muyaka wa Mombasa akisema "nti", hiyo ni lahaja, tena ni utamu wa Kimvita, na mwanafunzi aipigie mstari kwa heshima. Basi neno la Mvita hupewa tanbihi na neno la Kindu hupewa mkasi. Naomba mnijibu, wenzangu mnaohariri diwani za vijana: tofauti ni ipi, zaidi ya kwamba mmoja alitunga kabla ya sisi kuzaliwa na mwingine alishika gitaa?

Siulizi kwa kujifurahisha. Yapata mwaka mmoja baada ya kaseti ile, mwanafunzi wangu mmoja kutoka vijiji vya ufukweni mwa Ziwa Nyasa aliniletea shairi lake la kwanza, tarbia ya kuisifu Tanzania. Aliandika "inchi" mara nne. Nilizikata zote nne, kisha nikalisoma shairi mbele ya darasa kama mfano wa kuepukwa. Darasa lilicheka. Usiku ule sikuhesabu mizani. Nimezihesabu uzeeni, kwa kumbukumbu. N-chi ni mizani mbili. I-nchi ni mbili vilevile. Mstari wake ulikuwa umetimia kabla ya kalamu yangu, na baada yake haukupata chochote. Hakuniletea shairi jingine.

Remmy alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Siku hizi nyimbo zake nazisikiliza kwa simu ya mjukuu wangu, naye huruka zile za Kiingereza bila kuambiwa. Kaseti ninayo bado. Utepe umenyauka na redio ya kuichezea sina, lakini karatasi ya majina imo ndani ya kasha, na ule mkato mwekundu juu ya "I" haujapauka.