Boti zimezidi baharini, nahodha aliyefunzwa yuko wapi?

Msimu wa kaskazi ukiingia, fuo zetu hubadilika sura. Kuanzia Shimoni na Wasini hadi Mtwapa, Kilifi, Watamu na Shela, boti za matembezi huwa nyingi kuliko mashua za wavuvi. Wageni kutoka bara na ng'ambo wataka kuona pomboo, kupiga mbizi Kisite au kutazama jua likitua wakiwa majini. Wenyeji nao, siku ya Idi au harusi, hukodi boti wakafanya sherehe. Hiyo ni riziki, na hakuna mtu wa Pwani anayeikataa. Swali langu ni moja tu: aliyeshika usukani amefunzwa na nani?

Si zamani nilivuka na jamaa zangu katika mkono mmojawapo wa bahari huku kwetu. Kijana aliyetuchukua alikuwa na simu mkono mmoja na usukani mkono wa pili. Boti nyingine ikatujia mbele kwa kasi. Wote wawili wakahepea upande ule ule, na tulipishana kwa dhiraa chache. Moyo ulipotulia nikamuuliza, "Mwanangu, sheria yasema nani ampishe mwenziwe?" Akacheka. "Ami, hapa hupishwa mwenye injini kubwa."

Jibu lile lilinitisha kuliko ule mpishano wenyewe. Sheria ipo, nayo haina siri. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, zilizopitishwa mwaka 1972, zaeleza wazi: vyombo viwili vya injini vikikabiliana uso kwa uso, kila kimoja kigeuke kulia. Vikikatiana njia, anayemwona mwenziwe upande wake wa kulia ndiye wa kupisha. Chombo cha injini humpisha cha tanga katika hali ya kawaida. Katika mlango mwembamba, kila mmoja ashike upande wake wa kulia. Usiku, taa nyekundu iko ubavu wa kushoto wa chombo na ya kijani ubavu wa kulia, kwa hivyo ukiona nyekundu kuliani kwako, wewe ndiye wa kupisha. Haya ni masomo ya asubuhi moja. Yule kijana hajawahi kuyapata, wala hakuna aliyemtaka ayapate kabla ya kumkabidhi roho za watu.

Wapo watakaoniambia bahari hatufunzwi, tumezaliwa nayo. Kweli kwa kiasi. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi, rubani wa kumvusha hadi Calicut alipatikana hapo hapo Malindi. Wazee wetu walijua bamvua na maji mafu, walijua kusi likianza kuvuma chombo kipandishwe pwani, na walijua kipwa kipi hufunikwa na maji kikawa mtego. Lakini tusisahau walivyoyajua. Mtu alianza kwa kufua maji chomboni, akawa baharia, akashika tanga, akakaa miaka chini ya nahodha kabla ya kuachiwa chombo. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yetu, na ilikuwa na madarasa yake.

Injini imeivunja ngazi hiyo. Leo kijana hununuliwa boti na tajiri, huonyeshwa namna ya kuwasha na kuzima, na wiki ya pili ni nahodha. Ana kasi ambayo babu yake hakuwahi kuwa nayo, lakini hana ile miaka ya kukaa chini ya mwenye kujua. Mbaya zaidi, kasi humnyima nafasi ya kusahihisha kosa. Mashua ya tanga ikikosea humpa mtu muda wa kugeuza. Boti ya injini mbili ikikosea, wamekwisha gongana.

Serikali haijakosa vyombo vya kusimamia. Tuna Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, yenye jukumu la kusajili na kukagua vyombo. Tuna Sheria ya Usafiri wa Meli ya mwaka 2009. Tuna chuo cha Bandari Maritime Academy pale Mombasa. Tuna Walinzi wa Pwani tangu 2018, tuna KWS katika hifadhi za bahari, tuna kaunti na vikundi vya usimamizi wa fuo. Wahenga wetu walisema: nahodha wengi, chombo huenda mrama. Huyu aangalia jaketi za kujiokolea, yule ataka ada ya hifadhi, mwingine ataka stakabadhi ya kaunti. Mwenye boti hutoka ofisi hii akaingia ile, na baada ya kulipa kote bado hajaulizwa kama nahodha wake ajua kusoma dira.

Kwingine wamelifanyaje? Ufaransa, boti ya burudani yenye injini inayozidi nguvu farasi 6 haiendeshwi bila leseni. Ujerumani mpaka ni nguvu farasi 15. Uingereza hailazimishi leseni kwa mwenye boti yake ya starehe, lakini kozi za siku mbili zimeenea na watu huzifuata kwa hiari. Hatuna haja ya kuiga neno kwa neno. Tunachohitaji ni kuchagua mpaka wetu na kuusimamia, kwa boti ya abiria na kwa boti ya starehe pia. Wimbi halitofautishi tajiri wa Mtwapa na mvuvi wa Faza.

Hofu ya wavuvi na manahodha wa zamani naielewa. Mzee aliyevuka bahari miaka thelathini hawezi kuambiwa aache kazi, apande basi hadi Mombasa, alipe ada na malazi, kisha afanye mtihani kwa Kiingereza. Akishindwa, atakuwa ameshindwa lugha wala si bahari. Leseni ya namna hiyo ingewatoa wajuzi baharini na kuwaachia wenye pesa.

Kwa hivyo kozi iende kwa watu. Iwe ya siku tano, ifanyike dikoni na gatini: Vanga, Shimoni, Kilifi, Malindi, Lamu, Kizingitini. Isomeshwe kwa Kiswahili. Wazee wenye ujuzi wapimwe kwa vitendo, wakifaulu wapewe cheti na wawe walimu wa mikondo na miamba ya mahali pao. Vijana wafundishwe kanuni za kupishana, taa, dira na ramani, jedwali la maji kujaa na kupwa, na maana ya maboya: ukiingia bandarini kutoka baharini, jekundu liwe kushotoni na la kijani kuliani. Wajue kuita msaada kwa redio ya VHF chaneli 16, maana simu huishiwa mtandao pale pale unapoihitaji. Wajue pia kumwinua mtu aliyeanguka majini bila ya kumkata kwa rafadha.

Kuna wasemao karatasi haimzuii mtu kuzama. Ni kweli. Hata feri ya Mtongwe iliyozama tarehe 29 Aprili 1994, ikaua watu zaidi ya 270, haikuzamishwa na ukosefu wa karatasi bali na kujaza watu kupita kiasi. Lakini mafunzo ndiyo humpa nahodha sababu ya kusema "chombo kimejaa", na cheti ndicho humpa nguvu ya kumkatalia tajiri anayemwambia ongeza wengine wanne. Asiye na cheti hufukuzwa, akaletwa mwingine wa kukubali.

Wabunge na wawakilishi wetu wa kaunti za Pwani hukumbuka bahari wakati wa kura na wakati wa msiba. Safari hii tuwaulize mapema, kabla kusi halijaingia: kozi ya manahodha wa vyombo vidogo itafika gatini kwetu lini, na nani atailipia?

Na sisi abiria tusisubiri. Kabla ya kutia mguu botini, muulize kijana amefunzwa wapi, na jaketi ya mtoto wako iko wapi. Akicheka, shuka.