Nani atalipia safari? Swali linalojificha nyuma ya filamu za anga za juu

MWIGIZAJI Ryan Gosling amekwisha kupelekwa mwezini, na amekwisha kupelekwa kwenye nyota iliyo mbali kabisa na jua letu. Katika filamu ya First Man ya mwaka 2018 alikuwa Neil Armstrong. Katika Project Hail Mary, iliyopangiwa kuanza kuonyeshwa Machi 20, 2026, ni mwalimu wa sayansi anayezinduka peke yake ndani ya chombo cha anga, asikumbuke amefikaje humo. Na Aprili 2025, katika mkutano wa mashabiki uliofanyika nchini Japani, ilitangazwa kuwa yeye ndiye mhusika mkuu wa Star Wars: Starfighter, filamu ambayo siku yake ya kutoka iliwekwa kuwa Mei 28, 2027.

Tangazo hilo la Japani lilitolewa zaidi ya miaka miwili kabla ya filamu yenyewe. Upigaji picha ulikuwa haujaanza, kwa hiyo hapakuwa na chochote cha kuonyesha isipokuwa jina, sura ya mwigizaji na tarehe. Vilitosha. Mtu asiye shabiki anaweza kuliona jambo hili kuwa upuuzi wa vijana wenye muda mwingi. Mwandishi wa makala haya haoni hivyo. Namna watu wanavyozisubiri filamu za safari za anga ni jambo la kisiasa, kwani ndani ya filamu hizo mna kitu ambacho watazamaji wangependa kukiona kwa serikali zao na hawakioni.

Tuanze na Project Hail Mary, kwa kuwa ndiyo yenye mfano ulio wazi zaidi. Imetokana na riwaya ya Andy Weir ya mwaka 2021, na waongozaji wake ni Phil Lord na Christopher Miller. Kionjo cha kwanza kilitolewa Juni 30, 2025, karibu miezi tisa kabla ya filamu, na papo hapo kikazua ugomvi, kwa sababu kilimwonyesha kiumbe kutoka sayari nyingine ambaye wasomaji wengi wa riwaya walitaka abaki siri hadi ndani ya ukumbi. Ugomvi huo nao ulikuwa sehemu ya biashara. Filamu isiyogombaniwa kabla ya kutoka haina anayeisubiri.

Kisa chenyewe ni hiki. Vijidudu vinanyonya nguvu za jua, jua linafifia, na wanasayansi wanapiga hesabu kwamba baridi na njaa vitaangamiza sehemu kubwa ya wanadamu. Nyota ya Tau Ceti, iliyo umbali wa karibu miaka 12 ya mwanga, haijadhurika, na lazima mtu aende kuchunguza sababu. Ndipo mataifa yote ya dunia yanapomkabidhi mwanamke mmoja, Eva Stratt, mamlaka ya kuagiza chochote kutoka kwa yeyote. Katika riwaya, meli ya kivita ya China iliyoundwa kubeba ndege inageuzwa kuwa makao ya mradi, na Warusi, Wamarekani na Wachina wanafanya kazi meza moja. Hakuna zabuni, hakuna kamati ya bunge, hakuna mwaka wa fedha unaokwisha kabla kazi haijakwisha.

Chombo kinachokaribia kasi ya mwanga ni cha kubuni, lakini Weir ni mtu wa hesabu na fizikia yake ameipigia mahesabu kwa uangalifu. Asichokipigia hesabu ni huyo Stratt. Yeye ndiye ndoto kubwa kuliko zote ndani ya kitabu, kubwa kuliko hata kiumbe yule wa kwenye kionjo.

Kwa hakika, mwezi uleule kionjo kilipokuwa kikitayarishwa kuachiwa, mambo katika Washington yalikuwa yakienda kinyume kabisa. Mei 2025 serikali ya Marekani ilipeleka mapendekezo ya kupunguza bajeti ya shirika la anga za juu la nchi hiyo, NASA, kutoka karibu dola bilioni 24.8 hadi bilioni 18.8 kwa mwaka wa fedha wa 2026. Fungu la sayansi lilitakiwa kukatwa kwa karibu nusu. Wabunge wa vyama vyote viwili walipinga, lakini kwa miezi kadhaa wanasayansi waliokuwa na vyombo vinavyofanya kazi angani hawakujua kama kesho vitazimwa kwa kukosa mishahara ya watu wa kuviendesha. Mtu aliyefungua kompyuta yake majira yale aliweza kuzisoma habari hizo mbili kwa pamoja: dunia nzima ikifungua hazina katika kionjo, na nchi tajiri kuliko zote ikifunga mkoba katika habari.

Ikumbukwe kwamba NASA ilifikia kilele cha fungu lake mwaka 1966, ilipopata zaidi ya asilimia 4 ya matumizi yote ya serikali ya Marekani. Katika miaka ya hivi karibuni fungu hilo limekuwa chini ya nusu ya asilimia moja.

Kuna jambo jingine katika riwaya hiyo ambalo msomaji wa Kiafrika hawezi kulipita kimya. Ili kupata nishati ya kukisukuma chombo, eneo kubwa la jangwa la Sahara linatandikwa paneli nyeusi. Dunia inaokolewa, na ni vyema, lakini ardhi iliyotandikwa ina wenyewe, kuna watu wanaopitisha ngamia wao hapo. Umoja wa mataifa unaotamaniwa katika hadithi hizi una tabia ya kuwa umoja wa wale walioketi mezani.

Filamu ya The Martian, iliyotoka Oktoba 2, 2015 na ambayo pia imetokana na riwaya ya Weir, ina ndoto ya aina hiyohiyo. Mwanaanga wa Marekani amesahauliwa katika sayari ya Mirihi akidhaniwa amekufa. Roketi ya kumpelekea chakula inalipuka. Anayemwokoa ni shirika la anga la China, linalojitolea kuutoa mtambo wake wa siri. Watazamaji walishangilia bila kujua, au bila kujali, kwamba tangu mwaka 2011 sheria ya Marekani inaizuia NASA kutumia fedha zake kushirikiana moja kwa moja na China bila idhini maalumu. Yaani mwanaanga yule, kama angekuwa mtu wa kweli, angehitaji kwanza wanasheria, kisha chakula.

Katika kuisubiri filamu hiyo NASA haikukaa pembeni. Shirika hilo liliwashauri watengenezaji, likafungua milango yake, na likaitumia filamu kuieleza mipango yake ya Mirihi. Septemba 28, 2015, siku nne tu kabla ya filamu kutoka, lilitangaza kwamba limepata ushahidi wa maji ya chumvi yanayotiririka katika sayari hiyo. Utafiti uliochapishwa miaka miwili baadaye ulisema mistari ile ya giza kwenye miteremko huenda ni mchanga mkavu unaoporomoka. Simlaumu mtu kwa hilo, maana sayansi hujisahihisha, na makala ya kitaalamu yana ratiba yake ya kuchapishwa. Ila habari ya maji ilizunguka dunia kwa mabawa ya filamu, na habari ya mchanga ilitembea kwa miguu.

Iliyosema ukweli zaidi kuhusu fedha ni Interstellar ya Christopher Nolan, iliyotoka Novemba 2014. Ndani yake NASA inafanya kazi kwa kujificha chini ya ardhi, kwa sababu raia wenye njaa hawawezi kukubali kodi yao iingie kwenye roketi, na shule zinawafundisha watoto kwamba safari za mwezini zilikuwa uongo. Juma lililotangulia filamu hiyo lilikuwa zito. Oktoba 28 roketi ya Antares iliyobeba mizigo ya kituo cha kimataifa cha anga ililipuka sekunde chache baada ya kuruka huko Virginia. Oktoba 31 chombo cha kampuni ya Virgin Galactic kilivunjika angani juu ya California na rubani msaidizi akafariki dunia. Watu walikuwa tayari wamekata tiketi za Interstellar. Hakuna aliyezirudisha.

Hapa yafaa tuulize: je, hazina iliyofunguka haikuwahi kuwapo kweli? Si ndiyo Apollo? Rais Kennedy aliomba safari ya mwezini mwaka 1961, na Julai 20, 1969 Armstrong alikanyaga huko. Hivyo ndivyo inavyosimuliwa. Lakini kura nyingi za maoni za miaka hiyo ya 1960 zilionyesha kuwa Wamarekani wengi waliona gharama ni kubwa mno. Na Julai 15, 1969, siku moja kabla ya Apollo 11 kuruka, mchungaji Ralph Abernathy, mrithi wa Martin Luther King katika uongozi wa harakati za haki, alifika karibu na uwanja wa kurushia roketi akiwa na familia maskini na mikokoteni ya nyumbu. Mkurugenzi wa NASA, Thomas Paine, alitoka kwenda kuwasikiliza. Wakazungumza uwanjani, roketi ikionekana kwa mbali, juu ya njaa na vipaumbele vya taifa.

Filamu nyingi za anga hazina mikokoteni hiyo. First Man ilithubutu kuigusa hasira ile ya watu weusi na maskini waliouliza kwa nini mzungu yuko mwezini ilhali wao hawana daktari. Hata kabla haijafika katika majumba ya sinema mwaka 2018 ilikuwa imezushiwa mzozo, kwamba mwongozaji wake, Damien Chazelle, hakuonyesha tendo la kuisimika bendera ya Marekani. Seneta Marco Rubio aliikemea hadharani. Rais Trump akasema hatataka kuitazama. Filamu ilipata tuzo ya Oscar kwa picha zake za kitaalamu, lakini mapato yake yalikuwa chini ya matarajio. Huenda ilikuwa nzito tu, au ya huzuni mno, na sitaki kulikuza jambo. Hata hivyo inashangaza kidogo kwamba safari ya Gosling iliyotokea kweli, yenye ugomvi wake wa kweli, ndiyo iliyosubiriwa kwa moyo mdogo kuliko zile za kubuni.

India imelitazama suala hili kwa jicho la mhasibu. Juni 2014 Waziri Mkuu Narendra Modi alisema chombo cha nchi yake kilichokuwa njiani kwenda Mirihi kiligharimu fedha kidogo kuliko filamu ya Gravity. Hesabu ilikuwa sahihi: safari ilikuwa karibu dola milioni 74, filamu karibu milioni 100. Chombo kikafika Septemba 24, 2014. Maneno yale yalipokewa kama mzaha mzuri, na ni mzaha mzuri, ingawa mtu anaweza kuugeuza: ulimwengu huu humpa mtengeneza sinema dola milioni 100 kuigiza safari bila kumwuliza maswali anayoulizwa mwanasayansi anayetaka milioni 74 kusafiri.

Pwani yetu nayo imo katika habari hii kuliko wengi wanavyodhani. Desemba 12, 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, roketi iliyorushwa na Waitaliano kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini karibu na Malindi ilibeba setilaiti ya NASA iliyopewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutumwa mahsusi kuchunguza mionzi ya eksirei inayotoka angani. Vipimo vyake viliwasaidia wanasayansi kukitambua kitu kiitwacho Cygnus X-1 kuwa huenda ni shimo jeusi, na mwanafizikia Kip Thorne akawekeana dau na Stephen Hawking juu ya jambo hilo mwaka 1974. Hawking, aliyeshikilia kwamba si shimo jeusi, alikubali kushindwa mwaka 1990. Thorne huyohuyo ndiye aliyekuwa mshauri wa sayansi wa Interstellar, na milinganyo yake ndiyo iliyochora shimo jeusi ambalo mamilioni walikwenda kulitazama.

Basi nchi tatu zilishirikiana bila jua kufifia, bila Stratt, kwa fedha za kawaida za bajeti ya kawaida. Hapakuwa na kionjo.

Kutoka jukwaa hilo setilaiti ya mwisho ilirushwa mwaka 1988. Kenya ilipopata setilaiti yake ya kuichunguza dunia, Taifa-1, iliyogharimu karibu Sh50 milioni za nchi hiyo, ililazimika kuipeleka California ikarushwe na kampuni ya SpaceX. Safari iliahirishwa zaidi ya mara moja, na Wakenya waliokuwa wakifuatilia kwenye televisheni na simu walikesha, wakalala, wakakesha tena, hadi Aprili 15, 2023. Wengine walinung'unikia fedha zile, wakataja unga na ukame. Wengine walijivuna. Wabishi hao wa pande zote mbili walikuwa wakisubiri kitu walichokilipia.

Roketi huchelewa, na huko pia hakuna Stratt wa kuziharakisha. Januari 2024 NASA iliisogeza safari ya kwanza ya wanaanga wa mpango wa Artemis kuzunguka mwezi hadi Septemba 2025, na Desemba 2024 ikaisogeza tena hadi Aprili 2026, baada ya ngao ya joto ya chombo kuonyesha kasoro katika jaribio la Novemba 2022 lisilo na watu. Kuchelewa kwa namna hiyo ni heshima kwa maisha ya wanne waliopangiwa kukaa ndani, ila hakuna bango linaloweza kuuza heshima hiyo.

Sasa tazama Starfighter. Katika ulimwengu wa Star Wars vyombo vinaruka kutoka nyota hadi nyota kama daladala, na hata mwizi wa mtaani ana chake. Hakuna kodi, hakuna bajeti, swali la nani amelipa halijitokezi kabisa. Mwaka 2018 Gosling alikwenda mwezini na ugomvi wa fedha ukiwa naye. Akaenda Tau Ceti fedha zikiwa zimepatikana kwa amri. Na safari hii ya tatu haina bei. Ndiyo iliyotangaziwa tarehe mapema kuliko zote.